Mkate wa nyama ya bata mzinga: namna ya kuupika usikauke

Nyama ya kusaga ya ng'ombe hukusamehe ukiisahau motoni dakika kumi. Bata mzinga hasamehi hata tano. Kidari chake kikishatolewa ngozi kina mafuta kidogo sana, kama gramu 1 au 2 kwa kila gramu 100, kwa hiyo joto likipita kiasi maji yote hukamuliwa nje na unabaki na kitu cha kutafuna kama karatasi. Unyevu inabidi uuweke mwenyewe kabla mkate haujaingia kwenye oveni, halafu mkate wenyewe uutoe kwa wakati wake. Vipimo hivi ni vya kilo 1 ya nyama, inayotosha watu 6 hadi 8.

Nyama yenyewe

Bata mzinga aliyekwisha kusagwa si rahisi kumpata Nairobi. Wengi huuzwa wazima, mara nyingi wakiwa wamegandishwa. Ukienda City Market pale Muindi Mbingu, au Burma kando ya Jogoo Road, uliza na uagize siku kadhaa mapema, hasa Disemba ikikaribia. Ukinunua aliyeganda, myeyushie ndani ya friji: karibu saa 24 kwa kila kilo 2 za uzito wake. Usimwache juu ya meza usiku kucha.

Mwambie mwenye bucha akutolee gramu 600 za paja na gramu 400 za kidari. Paja ndilo lenye mafuta na ladha, na mkate wa kidari kitupu hautaki kuwa laini hata ufanyeje. Akusagie mara moja tu, kwa sahani ya matundu makubwa, na mashine ioshwe kwanza kama imetoka kusaga nyama nyingine. Ikisagwa mara mbili inakuwa kama uji, na ikiiva inanata na kudunda kama soseji. Mifupa usimwachie, ni supu hiyo.

Nyama iliyosagwa itumie ndani ya siku 1 au 2. Na usiioshe. Maji ya bomba hayaui vijidudu, huvirusha tu kwenye sinki, vyombo na kachumbari iliyo karibu.

Vingine unavyohitaji

Vipande 3 vya mkate mweupe (kama gramu 80) na maziwa mililita 120. Kitunguu maji 1 kikubwa, uyoga gramu 150, karoti 1, kitunguu saumu punje 4. Mayai 2. Chumvi laini vijiko 2 vya chai (gramu 12), pilipili manga kijiko 1 cha chai, sosi ya soya kijiko 1 kikubwa, nyanya ya kopo iliyo nzito kijiko 1 kikubwa, na dania kiasi cha kujaa kiganja. Mafuta ya kukaangia vijiko 2 vikubwa.

Sosi ya kupaka juu: tomato sosi mililita 100, siki kijiko 1 kikubwa, sukari ya kahawia kijiko 1 kikubwa na nusu. Koroga tu, haihitaji kupikwa.

Hatua ya 1: mkate na maziwa. Chanachana mkate, umwagie maziwa, subiri dakika 10, kisha uponde kwa uma mpaka usione kipande hata kimoja. Unatakiwa ufanane na uji mzito unaodondoka polepole kutoka kwenye kijiko. Hapa ndipo siri yote ilipo: wanga wa mkate hushika maziwa, na hukaa katikati ya nyuzi za nyama zisishikane na kukaza. Chenga kavu za mkate zikitiwa moja kwa moja hufanya kinyume, hunyonya maji ya nyama yenyewe.

Hatua ya 2: kitunguu na uyoga. Katakata kitunguu na uyoga vidogo sana, karoti uikwaruze. Kaanga kitunguu kwa moto wa wastani dakika 8 mpaka kilainike na kuanza kupata rangi ya dhahabu. Tia uyoga na karoti. Uyoga utatoa maji mengi; endelea mpaka maji yakauke na usikie tena sauti ya kukaanga kwenye sufuria. Malizia na kitunguu saumu na nyanya ya kopo, dakika 1 tu. Sambaza kwenye sahani ipoe kabisa. Usitie kitunguu kibichi: hakiwahi kuiva ndani ya mkate, na maji yake huacha mashimo yanayofanya vipande vibomoke. Ukitia mchanganyiko ukiwa moto, nayo nyama huanza kuiva kwenye bakuli.

Hatua ya 3: kuchanganya. Kwenye bakuli kubwa changanya kwanza mkate ulioloweshwa, mayai, chumvi, pilipili manga, sosi ya soya, dania na vile vilivyokaangwa. Nyama iingie mwisho, ikiwa baridi kutoka kwenye friji. Tanua vidole kama reki, geuza kutoka chini kwenda juu, na uache mara tu usipoona tena mistari ya mkate mweupe. Sekunde 40 hadi 60 zinatosha. Usikande kama chapati. Chumvi na kukanda huvuta protini ya nyama ikawa gundi, na gundi hiyo ikipata moto hukaza na kukamua maji.

Chukua kijiko kimoja, ukikaange kwenye kikaango, uonje. Chumvi irekebishwe sasa. Nyama mbichi usiionje.

Hatua ya 4: umbo. Tandika karatasi ya kuokea kwenye trei, finyanga mkate wa urefu wa sentimita 25, upana 12 na kimo 6. Trei inashinda tini ya mkate, kwa sababu kwenye tini pande zote huchemka ndani ya majimaji na sosi hupata sehemu ya juu peke yake. Lowesha viganja, lainisha nyufa zote, kisha bonyeza kijia kidogo katikati kwa urefu ili usivimbe na kupasuka.

Hatua ya 5: oveni. Nyuzi 180, ikiwa imeshapata moto. Oka dakika 35 bila sosi. Paka nusu ya sosi, rudisha dakika 10, paka iliyobaki na urudishe tena. Ukiipaka mwanzoni sukari huungua kabla nyama haijaiva. Chomeka kipimajoto katikati kabisa: kikisoma 72, toa. Kwa jumla ni kama dakika 50 hadi 60, lakini amini kipimajoto kuliko saa.

Hatua ya 6: uupumzishe. Dakika 15 bila kuukata. Joto litapanda lenyewe. Hakikisha linafika 74, ambalo ndilo salama kwa nyama ya ndege. Lisipofika, rudisha kwenye oveni dakika chache. Kata kwa kisu cha meno, vipande vya sentimita 2.

Maswali ya wasomaji, kila mmoja kwa jina la mtaa wake Nairobi

*Umoja: Mpishi, mimi sina oveni. Nina jiko la makaa na sufuria.*

Inawezekana, dada. Gawa nyama iwe mikate miwili midogo. Chukua sufuria nzito, mwaga mchanga mkavu safi wa kina cha sentimita 2, funika na uipashe dakika 15. Weka trei ndogo juu ya mawe matatu ili isiguse mchanga. Makaa machache yakae chini, mengi juu ya kifuniko, maana moto wa chini ukizidi kitako kinaungua. Anza kupima baada ya dakika 40. Pikia nje: moshi wa makaa ndani ya nyumba iliyofungwa huua watu.

*South B: Nimejaribu kipimajoto changu kwenye maji yanayochemka, kinaishia 94. Nikirudishe dukani?*

Hapana, kiko sawa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Kijaribu pia kwa barafu iliyopondwa na maji kidogo: kisome 0. Urefu huohuo hufanya vyakula vikauke upesi zaidi kwenye oveni, kwa hiyo usimwage maziwa ya hatua ya kwanza ukidhani yamezidi.

*Donholm: Wangu ulipasuka juu na pembeni yakatoka majimaji meupe yaliyoganda.*

Hayo meupe ni protini iliyokamuliwa. Ama ulikanda sana, ama oveni yako ina moto kuliko inavyoandika. Punguza hadi 170 na uchanganye kwa muda mfupi zaidi.

*Lang'ata: Kipimajoto kimesoma 74 lakini katikati kuna wekundu kidogo. Niwape watoto?*

Wape. Rangi haipimi kuiva. Bata mzinga anaweza kubaki na wekundu hata akiwa salama. Pima sehemu tatu ili uwe na hakika.

*Kasarani: Mtoto wangu hapatani na maziwa.*

Tumia supu ya mifupa ileile, ikiwa imepoa, kiasi kilekile. Soma pia karatasi ya mkate, maana mingine ina maziwa. Na bata mzinga akikosekana, mapaja ya kuku yanafuata vipimo hivihivi.

*Buruburu: Unakaa siku ngapi, na niupasheje usikauke?*

Uingie kwenye friji ndani ya saa 2 baada ya kuiva, siku 3 hadi 4; kwenye friza, miezi 3. Ukate ukiwa baridi, hautabomoka. Panga vipande kwenye kikaango, nyunyiza supu vijiko 2, funika, moto mdogo dakika 5, na ugeuze mara moja. Sosi ikianza kung'aa tena na kutoa vipovu, pakua na viazi vya kuponda na sukuma wiki.