Somo: Dawa ya maumivu ianze kabla ya kisu

Mama yangu alianguka dakani, nyumbani Lamu, nyonga ikavunjika. Hospitali tuliyofikia kwanza walimwacha bila dawa, eti asubiri upasuaji. Kwenye boti ya kuvukia bara, Mokowe, kila wimbi likipiga ubavu alinibana mkono hadi kucha zikaacha alama. Alikopasuliwa, kabla ya lolote walimdunga sindano ya ganzi kinenani. Haikufika saa akauliza kama adhuhuri imeadhiniwa.

Mishipa ya fahamu ikiachwa kupeleka uchungu muda mrefu, uti wa mgongo nao huzidi wepesi wa kuhisi, hata shuka ikigusa huuma. Njia hiyo ikizibwa mapema, mara nyingi baadaye dawa kidogo hutosha. Haimaanishi hataumwa kabisa.

1. Mgonjwa wako hajapasuliwa, mwambie daktari wa ganzi kuhusu vidonda vyake vya tumbo, figo, pumu, presha, na dawa za kuzuia damu isigande. Mpelekee pakiti zenyewe. Dawa za maumivu kama brufeni na diklofenaki si za kila mtu.

2. Uliza: "Atapewa nini kabla ya kuingia thieta?" Kwa mtu mzima huwa mara nyingi parasetamoli gramu 1, vidonge 2 vya miligramu 500, kwa funda la maji, saa moja au mbili kabla. Wampe wao, usimpe wewe.

3. Uliza kuhusu ganzi ya mguu. Hata wa nusukaputi anaweza kudungwa.

4. Vidonge vianze ganzi haijaisha. Hapa ndipo tulipoteleza. Usiku mama alijiona mzima, akakataa kumeza. Alfajiri maumivu yakamvamia, siku nzima hakuweza kuketi. Kesho yake alimeza kwa saa, akasimama kando ya kitanda, kanishika bega. Parasetamoli ni kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa saa 24. Mzee mwenye uzito mdogo hupunguziwa.

Maswali

*Ami yangu kavunjika mguu, tuko Faza. Nimpe brufeni kabla ya safari?*
Mpigie simu kwanza daktari anayempokea, ndugu yangu. Brufeni inaweza kuzidisha damu kutoka na kuumiza figo. Chochote alichomeza, andika jina na saa.

*Ganzi haitaficha hatari?*
Swali zuri sana. Mguu uliovunjika chini ya goti unaweza kufura ndani hadi damu isipite. Maumivu yakizidi licha ya dawa, au vidole vikipauka ama kufa ganzi upya, mwite nesi saa hiyo hiyo, usingoje zamu ya asubuhi.

*Mofini, ile dawa kali ya maumivu, haitamtia kijana wangu uteja? Mtaani tumeyaona.*
Hofu yako naielewa, mama. Siku chache, kwa kipimo, mbele ya nesi, hatari ni ndogo. Ila kama anakunywa methadoni, dawa ya kumwachisha heroini, mwambie daktari wa ganzi waziwazi. Isikatizwe, na atahitaji dawa zaidi ya wengine. Ukificha kwa kuona haya, yeye ndiye atakayelia usiku kucha.