Kutambua vipele vinavyoletwa na dawa: anza na tarehe

Mgonjwa anapofika kituoni na vipele, muulize kwanza ametumia dawa gani na alianza lini. Huku kwetu Pemba wengi hujibu kwamba hawajatumia dawa yoyote, wala hawasemi uongo, kwa sababu kwao dawa ni ile iliyoandikwa na daktari. Kidonge cha kichwa kilichonunuliwa dukani na mzizi uliochemshwa na bibi havihesabiwi. Kwa hiyo taja kimoja kimoja: vya maumivu, sindano, vya uzazi wa mpango, vya kienyeji, vya kupaka. Mara nyingi kinachotafutwa hutoka kwenye pindo la kanga: vidonge vinne vyeupe ndani ya kipande cha gazeti, bila jina. Usivikisie; mtume mtu aliyemsindikiza arudi duka lile lile akaulize.

Kisha chora mstari kwenye karatasi, uandike siku kila dawa ilipoanza na siku kipele cha kwanza kilipotoka. Mabaka yanayovimba na kuwasha, yakihama huku na huku, kwa kawaida hutokea ndani ya dakika au saa chache. Vipele vidogo vinavyoenea kifuani na mgongoni huchukua siku 4 hadi 14, hata baada ya dozi kwisha, na huwahi zaidi kwa aliyewahi kudhuriwa na dawa hiyo. Ule ugonjwa mkali wa kubabuka ngozi huanza baina ya siku 4 na 28. Dawa iliyotumiwa miaka mitatu bila tatizo, basi, si ya kushukiwa mwanzo.

Mtazame mgonjwa penye mwanga wa jua, mlangoni au uani, kwani wekundu haujitokezi vizuri kwenye ngozi nyeusi; tafuta rangi ya zambarau au weusi uliozidi, na upapase kwa kiganja. Baka la mviringo, jeusi, lenye mpaka unaoonekana, hasa mdomoni au sehemu za siri, huwatia watu hofu ya magonjwa ya zinaa na wengi hulificha. Muulize kwa upole, faraghani: limewahi kutoka hapo hapo? Akikubali, na kila mara alikuwa amemeza Septrin au dawa nyingine ile ile, utambuzi umekaribia kukamilika.

Usisahau piko, ile rangi nyeusi ya kujichora. Haimezwi, lakini vipele vyake hufuata maua yaliyochorwa mkononi, na hapo huna haja ya kutafuta kidonge.

Si kila vipele huletwa na dawa. Shurua huja na homa, mafua na kikohozi, na vipele huanzia usoni na nyuma ya masikio. Ugonjwa wa upele (skabi) huwasha zaidi usiku, baina ya vidole, na mara nyingi nyumba nzima hujikuna.

Lililo zito kuliko yote ni hili: fungua mdomo wa mgonjwa na utazame macho yake. Vidonda mdomoni, macho mekundu yenye utando, homa, malengelenge, na ngozi inayouma kuliko kuwasha au inayobabuka ukiisugua kidogo, ni dalili za hatari ya kifo. Simamisha dawa inayoshukiwa na umpeleke hospitali siku hiyo hiyo, usiku usimsubirishe. Fanya vivyo hivyo kwa anayevimba uso au kupumua kwa shida. Wanaotumia dawa za kifafa, kifua kikuu au virusi vya Ukimwi wanahitaji kupangiwa nyingine haraka, kwa hiyo waonwe na daktari hata vipele vikiwa vichache. Kamwe usimrudishie mgonjwa dawa hiyo ili kuthibitisha.

Ukimaliza, toa taarifa kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, na uandike kwenye kadi ya mgonjwa jina la asili la dawa pamoja na la biashara, maana aliyeambiwa aepuke Septrin anaweza kesho kupewa kotrimoksazoli, ambayo ni dawa hiyo hiyo.