Jinsi ya kupunguza mionzi ya simu mwilini

Simu hutoa mionzi mikali zaidi mtandao unapokuwa hafifu. Ukiwa bondeni Marangu na imebaki kijiti kimoja, simu huongeza nguvu ili ifikie mnara. Ndiyo maana chaji huisha haraka. Toka ndani, tafuta mahali pa wazi, ndipo upige.

Umbali ndio kinga kubwa: tumia spika au hedifoni za waya. Bonyeza *#07#, simu nyingi zitaonyesha SAR, yaani kipimo cha nishati ya mionzi ambayo mwili hufyonza. Kikomo cha kimataifa kwa kichwa ni wati 2 kwa kilo. Stika za “kuzuia mionzi” usinunue kabisa. Zikiziba antena, simu hulazimika kutumia nguvu zaidi.

Mwaka 2011 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliyaweka mawimbi ya redio, yakiwemo ya simu, kundi la 2B, yaani huenda yakasababisha saratani, kwa ushahidi mdogo.

Tofauti na ya simu, mionzi ya jua ya urujuanimno (UV) ndiyo yenye madhara yaliyothibitika, na huzidi takriban asilimia 10 kila mita 1,000 za mwinuko. Arusha iko mita 1,400 hivi! Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni vaa kofia pana; kapelo huacha masikio na shingo wazi.