Kuandaa majivu ya Jumatano ya Majivu shuleni

Mkoani Kigoma matawi si shida. Michikichi imejaa kila upande, na Jumapili ya Matawi kila mwanafunzi anashika lake. Shida ni kuyapata matawi yale yale mwakani, kwa kuwa majivu wanayopakwa wanafunzi usoni Jumatano ya Majivu, siku ya kwanza ya Kwaresima, hutokana na matawi yaliyobarikiwa mwaka uliotangulia. Yakienda bwenini, mengine yatafagiwa na mengine yatasafiri likizo ya Pasaka. Kwa hiyo Misa ikiisha tu, viongozi wa TYCS (chama cha wanafunzi Wakatoliki) wasimame mlangoni na gunia. Anayetaka kubaki na lake abaki nalo. Yafungeni mafungu na kuyaning'iniza juu, sakristia, chumba cha kanisani cha kutunzia vyombo vya Misa. Yakilazwa sakafuni, mchwa watayawahi kabla ya Kwaresima.

Kwaresima ya 2027 inaanza tarehe 10 Februari, na Februari Kigoma ni mvua. Matawi yaliyokuwa makavu Septemba huwa yameshavuta unyevu. Wiki mbili kabla, yaanikeni kila jua linapotoka, mpaka jani likikunjwa livunjike; jani bichi hutoa moshi na nyuzi za kahawia badala ya majivu. Kisha chambueni. Majani membamba ndiyo yanayotakiwa. Uti mgumu wa katikati huacha vipande visivyosagika, basi uchomwe kando na majivu yake yafukiwe, maana nao umebarikiwa. Toeni utepe, nailoni na raba. Kwa wanafunzi 600, debe moja la majani yaliyoshindiliwa linatosha. Litapungua hadi bakuli dogo, msishtuke.

Chomea nje, kwenye karai au sufuria kuukuu, siku isiyo na upepo. Washa kwa kiberiti tu: mafuta ya taa huacha harufu usoni mwa watoto Misa nzima. Tia konzi moja moja. Wengi huharibu hapa, wanaacha moto uwake hadi majivu yawe meupe. Majivu meupe hayaonekani vizuri usoni, halafu yakilowa yanauma ngozi, kwani ni magadi. Maji ya majivu ya namna hiyo ndiyo yaliyokuwa yakipikia sabuni zamani. Mnachotafuta ni weusi. Mara tu miali inapozima, funika kwa mfuniko wa bati unaobana, hewa isiingie, na uache hadi kesho yake. Ukifunua mapema, kaa lililojificha linawaka upya. Ukimimina kwenye kopo la plastiki, umelitoboa.

Yakipoa, twanga kwenye kinu kidogo, chekecha kwa chujio la chai, rudia kutwanga yaliyobaki, kisha pitisha kwenye kitambaa chepesi. Usiruke hatua ya kitambaa: chembe moja ngumu ikidondokea jichoni, mtoto ataondoka mstarini akilia. Kikombe kimoja cha chai cha unga laini kinatosha wote na kubaki.

Msichanganye na maji. Padre atanyunyizia maji ya baraka, na matone hayo yanatosha. Kwa kuwa majivu makavu hunyunyuka juu ya mashati meupe, mnaweza kutia matone 3 au 4 ya mafuta ya mzeituni kwa kila kijiko cha chakula. Sugua kwa vidole: yashike bila kuwa uji. Mawese yasitumike, yanatia doa.

Majivu hugawiwa baada ya mahubiri. Mtu mmoja, kwa sekunde nne kila mwanafunzi, atatumia dakika 40. Wagawaji wanne watamaliza kwa kumi. Kubariki ni kwa padre au shemasi, ila katekista, sista au mwalimu anaweza kusaidia kugawa. Kila mmoja apewe bakuli lake, na mezani kuwe na maji, sabuni, kipande cha limau na taulo. Mwongozaji wa Misa akumbushwe kwamba tendo la toba la mwanzo halisemwi siku hiyo, kwani kupakwa majivu kunachukua nafasi yake. Wimbo wa Utukufu hauimbwi, Aleluya imeshapumzika, na maua yaondolewe altareni. Kwaya iandae Zaburi ya 51 yenye beti za kutosha. Ikiwaishia katikati ya mstari, minong'ono inaanza.

Wanafunzi wa madhehebu mengine wakipenda kupakwa, wapakwe, kwa sababu majivu si sakramenti. Waislamu na wengine wasiopenda wasisukumwe mstarini, wala mwalimu wa zamu asihesabu vipaji vya nyuso.

Jikoni nako kuna kazi. Kuacha nyama kunamhusu aliyetimiza miaka 14. Kufunga, yaani mlo mmoja kamili na vitafunwa viwili vidogo, ni kuanzia miaka 18 hadi 59. Maana yake kidato cha kwanza hadi cha nne wengi wao hawabanwi na kufunga, hivyo uji wa asubuhi usifutwe kwa shule nzima. Kama ratiba ina nyama Jumatano, ihamishieni Jumanne. Ugali na dagaa vinaruhusiwa. Mgonjwa ale kama kawaida, na anayemeza dawa asiombwe maelezo mbele ya wenzake.

Majivu yaliyobaki yatieni kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Mkiyatupa, yafukieni ardhini pasipokanyagwa, si jalalani.