Kuandaa potifolio ya ubunifu wa grafiki kwa ajili ya usaili, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mbunifu aliyekwisha kuitwa kwenye usaili na ana siku chache za kujiandaa, iwe ni kwa wakala wa matangazo, kiwanda cha uchapaji, benki au shirika. Karibuni nimemsaidia binti mmoja hapa Dar es Salaam kuandaa potifolio yake, yaani mkusanyiko wa kazi zake bora, na palipotusumbua ndipo nitakapokaa kwa kirefu. Jambo moja liongoze hatua zote: jopo linataka kujua unavyofikiri. Nembo nzuri wanaweza kuiona popote. Sababu ya nembo hiyo kuwa hivyo ilivyo unayo wewe.

Hatua ya 1: Kusanya, kisha punguza

Weka kila kitu kwenye folda moja: nembo, vipeperushi, mabango, lebo, fulana, kadi za harusi, matangazo ya Instagram. Halafu bakiza kazi 6 hadi 8. Anayeanza aende na 5 zilizoandaliwa vizuri. Kazi dhaifu huishusha ile nzuri iliyo kando yake, kwa sababu msaili anaanza kujiuliza kama unaona tofauti. Kama una kadi nyingi za harusi, chagua moja. Iliyo bora kuliko zote itangulie, na inayoifuata kwa ubora ifunge. Lisome tena tangazo la kazi: wakitafuta mtu wa vifungashio, vifungashio vianze.

Kazi uliyoifanya na wenzako iandike hivyo. Taja nani alipiga picha, nani aliandika maneno, na wewe ulishika sehemu gani. Watu wa fani hii wanajuana, na anayekusaili anaweza kuwa alikaa meza moja na huyo mwenzako. Kazi ya mteja ambayo haijatoka hadharani usiionyeshe bila ruhusa yake.

Hatua ya 2: Kama huna wateja, jipe kazi mwenyewe

Usiichore upya nembo ya kampuni kubwa ya soda au ya simu. Majopo yameshaziona nyingi, na hujui masharti waliyofanyia kazi wabunifu wake. Chukua bidhaa unayoweza kuishika. Mimi napenda kuwapa vijana lebo ya asali ya Tabora, kwa sababu inakulazimisha kufanya maamuzi ya kweli. Uzito halisi lazima uonekane. Kuna tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha muda, namba ya toleo, anwani ya mzalishaji, na nafasi ya alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kwa mzalishaji atakayepewa leseni ya kuitumia. Vyote hivyo viingie kwenye karatasi ndogo bila kulifunika jina.

Kuna pia msimbo wa milia (barcode). Namba zake ni 13, na zile zinazosajiliwa kupitia GS1 Tanzania, shirika linalotoa namba hizo, huanza na 620. Kwa kuwa asali ina rangi ya dhahabu, mkono unavutwa kuipaka milia rangi ya chungwa au nyekundu ifanane na lebo. Usifanye hivyo. Visomeo vingi vya dukani hutumia mwanga mwekundu, na mbele ya mwanga huo milia myekundu inapotea kwenye karatasi nyeupe. Weka nyeusi juu ya nyeupe, uache nafasi tupu pande zote mbili, na kwenye chupa nyembamba ya duara ilaze milia ipandane kama vidato vya ngazi, ili mviringo wa chupa usiipinde. Mbunifu anayeweza kueleza hili mbele ya jopo ameshajitenga na wengi.

Kanga nayo ni zoezi zuri. Ina pindo, mji na jina, na lazima vielewane. Popote utakapouweka mradi wa namna hii, andika wazi kuwa ni mradi binafsi.

Hatua ya 3: Andika maelezo ya kila kazi

Sentensi nne au tano zinatosha: tatizo lilikuwa nini, wewe ulifanya sehemu gani, uliamua nini na kwa nini, kilitokea nini baadaye. Kwa mfano: "Lebo ya zamani ilikuwa haisomeki kwa mtu aliyesimama hatua mbili kutoka kwenye rafu. Nimekuza jina, nimepunguza rangi kutoka 5 hadi 2 ili uchapaji uwe nafuu, na maelezo ya lazima nimeyahamishia nyuma." Ongeza picha ya michoro ya penseli na toleo moja ulilolikataa, ukieleza sababu ya kulikataa. Ukurasa huo ndio utakaoulizwa maswali mengi, na ni maswali unayoyaweza.

Kuhusu mokapu, yaani picha ya kuigiza inayoonyesha kazi yako juu ya kitu kama kikombe au fulana, nina msimamo: moja kwa kila kazi, basi. Kikombe cheupe kinachoelea hewani hakimwambii msaili nembo itaonekanaje ikipakwa kwa brashi kwenye ukuta wa duka Kariakoo. Kama kitu kilichapwa, kipige picha chenyewe, karibu na dirisha, kwa mwanga wa asubuhi. Simu ya kawaida inatosha.

Violezo vya Canva viache nje kabisa. Si kwamba programu ni mbaya. Kwa matangazo ya haraka ya duka inafaa sana. Ila wasaili wanavitambua violezo vyake, na nembo iliyojengwa kwa michoro yake ya pamoja haifai kusajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni) kuwa alama ya biashara, kwa kuwa huna haki ya kuimiliki peke yako. Msaili anayelijua hilo atakuuliza.

Hatua ya 4: Panga kurasa

Ukurasa uwe wa kulala, pikseli 1920 kwa 1080, maana utatazamwa kwenye kompyuta au projekta. Familia moja ya fonti, kwa unene wa aina mbili tu. Mandhari nyeupe. Mimi hutumia InDesign, programu ya Adobe ya kupanga kurasa. Asiye nayo atumie Scribus, ambayo ni bure, au Figma. CorelDRAW iliyozoeleka kwenye viwanda vyetu vya uchapaji inaweza pia, lakini potifolio ndefu ndani yake inachosha.

Hatua ya 5: Toa PDF (usiikimbie hatua hii)

Hapa ndipo tulipopoteza jioni nzima, kwa sababu matatizo yalikuja kwa zamu.

La kwanza ni rangi. Potifolio ya kutazamwa kwenye skrini iwe RGB (rangi za mwanga wa skrini) mwanzo hadi mwisho. Kazi nyingi za uchapaji zimeandaliwa kwa CMYK (rangi nne za wino wa uchapaji), hivyo kijani na buluu kali hufifia ukizichanganya hovyo. Kilichotuchanganya ni kwamba kurasa chache tu ndizo zilizofifia, nyingine zikabaki angavu. Chanzo chake ni hiki: InDesign ikikuta kivuli au kitu chenye uwazi kwenye ukurasa, huchanganya rangi za ukurasa wote kwa mfumo uliowekwa kwenye faili, na faili lililoanzishwa kwa ajili ya uchapaji limewekewa CMYK. Nenda menyu ya Edit, tafuta Transparency Blend Space, chagua Document RGB. Ukishatoa PDF upya, linganisha ukurasa wenye kivuli na usio nacho. Usichague PDF/X-1a kwa faili la skrini, maana nayo hugeuza kila kitu kuwa CMYK.

La pili ni uzito. Gmail haitumi kiambatisho kinachozidi MB 25, na barua pepe za ofisi nyingi zina kikomo cha chini zaidi. Lenga chini ya MB 10. Picha zishushwe hadi pikseli 150 kwa inchi au karibu na hapo. Ukitoa kutoka Illustrator, ondoa alama ya tiki kwenye Preserve Illustrator Editing Capabilities; tiki hiyo peke yake inaweza kulifanya faili kuwa kubwa mara kadhaa. Tena, kama una mchoro wa kitenge wenye maelfu ya nukta za vekta (mistari inayochorwa kwa hesabu, si kwa pikseli), PDF inaweza kuwa nyepesi kwa MB na bado ikachorwa polepole sana kwenye kompyuta ya zamani. Mchoro huo ugeuze kuwa picha ya JPEG ndani ya potifolio, na vekta yake ibaki kwako.

La tatu ni fonti. Fungua PDF kwa Acrobat Reader, bonyeza Ctrl na D, uangalie orodha ya fonti: kila moja iwe imeandikwa Embedded au Embedded Subset, yaani imepachikwa ndani ya faili. Kuna wanaoshauri kugeuza maandishi yote kuwa michoro. Kwa faili la kiwandani sawa, kwa potifolio sikubali, kwa sababu maandishi hayo hayatafutiki tena wala hayanakiliki, na herufi ndogo huonekana nene kwenye baadhi ya skrini. Fonti inayokataa kupachikwa ibadilishe.

La nne ni kutuma. Kwenye WhatsApp itume kama hati. Ukurasa uliotumwa kama picha hubanwa na maandishi madogo hayasomeki. Kwenye Google Drive, fungua ruhusa kwa yeyote mwenye kiungo, kisha ujaribu kiungo hicho kwenye simu ya mtu mwingine, kwa sababu kwako kitafunguka siku zote. Faili lipe jina lako na kazi yako, kwa mfano Jina_Ukoo_Grafiki.pdf. Kisha lifungue kwenye simu ndogo, maana afisa rasilimali watu huenda akaliona huko kwanza. Maandishi usiyoyasoma bila kukuza, yaongeze.

Hatua ya 6: Behance

Kwenye Behance, tovuti ambako wabunifu huonyesha kazi zao, weka kazi tatu bora, uandike kiungo kwenye wasifu wako. Inatosha.

Hatua ya 7: Vitu vya kushikwa mkononi

Chapisha nakala moja ya A4 kwenye karatasi isiyong'aa ya gramu 170 au 200. Omba ukurasa mmoja wa majaribio kwanza, kwa sababu nyeusi ya mashine nyingi za steshenari hutoka kijivu au kahawia. Beba na vitu halisi: lebo kwenye chupa yake, kipeperushi, fulana. Mtu akishika kitu anakaa nacho muda mrefu kuliko akitazama skrini.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

PDF iwe kwenye flashi, kwenye simu na kwenye barua pepe yako. Fanya mazoezi ya kueleza kila kazi kwa dakika mbili, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, maana lugha inaweza kubadilika katikati ya usaili. Tayarisha jibu la swali la "leo ungebadilisha nini kwenye kazi hii?" kwa kila moja. Ofisi nyingine hutoa jaribio la vitendo papo hapo, kwa hiyo uliza mapema kama utatumia kompyuta yao. Kama ni yako, nenda na chaja, na fonti zako zote ziwe zimewekwa ndani, usitegemee intaneti yao.