Mabua, ngwara na majani ya kabichi: naitrojeni isikutoroke shambani

Usichome mabua. Hilo maafisa ugani tumelisema mpaka wakulima wa Arumeru na Moshi Vijijini wanalijua kwa moyo, na bado ikifika Januari na Februari moshi unafuka kila upande kwa sababu mtu anataka shamba safi kabla ya masika. Kisichosemwa sana ni kwamba hata kuyaacha masalia shambani kuna namna yake. Ukiyaacha ovyo, sehemu ya naitrojeni iliyomo inageuka gesi na kuondoka, wakati wewe unaenda dukani kununua naitrojeni hiyohiyo ndani ya mfuko wa urea.

Gesi yenyewe ni naitrasi oksaidi. Masalia yakioza, bakteria huvunja protini iliyomo kwenye majani na mashina, naitrojeni ikawa amonia, kisha naitreti. Naitreti ndiyo chakula cha mahindi yako. Udongo ukiwa na hewa na mizizi ipo, naitreti inanyonywa na mmea. Lakini mvua ikipiga mfululizo, udongo ukajaa maji na hewa ikaisha, kuna bakteria wengine wanaotumia naitreti badala ya oksijeni, na wakimaliza kazi yao inatoka gesi. Katika miaka 100, kilo moja ya naitrasi oksaidi hupasha dunia joto sawa na kilo 273 za kaboni dayoksaidi. Tena hukaa angani zaidi ya karne, na ikifika juu huharibu tabaka la ozoni.

Nchi inapotoa hesabu zake za gesijoto chini ya Mkataba wa Mabadiliko ya Tabianchi, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1996, hakuna anayekwenda na kipimo kwenye kila shamba. Zinachukuliwa takwimu za mavuno, yanakadiriwa masalia yaliyobaki, kisha naitrojeni iliyomo. Mwongozo wa mwaka 2006 wa IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, unakadiria kwamba asilimia 1 ya naitrojeni hiyo hutoka ikiwa naitrasi oksaidi. Hesabu hiyo unaweza kuifanya mwenyewe, na inafundisha.

Chukua ekari iliyotoa magunia 15 ya mahindi ya kilo 100. Mabua makavu yanakaribia uzito uleule wa punje, basi sema tani moja na nusu. Naitrojeni ndani ya mabua ni kama asilimia 0.6, yaani kilo 9. Ili upate kilo 9 za naitrojeni kutoka dukani unahitaji karibu kilo 20 za urea. Yakiozea shambani, kwa kiwango kile cha asilimia 1, naitrasi oksaidi itakayotoka ni gramu 140 hivi, athari yake kwa joto ni sawa na kilo 39 za kaboni dayoksaidi. Sasa yachome mabua hayohayo. Moto wenyewe unatoa naitrasi oksaidi, na juu yake methani, gesijoto nyingine, na ukijumlisha zote mbili kwa viwango vya mwongozo huo unapata athari sawa na karibu kilo 110 za kaboni dayoksaidi, takriban mara tatu ya ile ya kuozesha. Na naitrojeni karibu yote imekwenda na moshi. Kwa hiyo anayekwambia kuchoma kunapunguza gesi kwa kuwa hakuna kinachobaki kuoza, mweleze hesabu hii.

Kwa kweli mabua ya mahindi si masalia yanayonitia wasiwasi. Ni makavu, yana kaboni nyingi, kama sehemu 60 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Bakteria wanaoyala wanaishiwa naitrojeni na kuivuta kutoka kwenye udongo. Ndiyo maana ukifukia mabua mengi wiki ya kupanda, mahindi machanga yanakuwa ya njano hata kama mvua ni nzuri. Yaache juu ya udongo yawe matandazo, au yafukie mapema baada ya kuvuna, na wakati wa kupanda weka mbolea yako ya kupandia ya DAP kama kawaida ili mche usigombee naitrojeni na bakteria.

Wasiwasi wangu uko kwenye masalia mabichi. Nenda shamba la kabichi Ngaramtoni au Tengeru siku chache baada ya mavuno, mvua ikiwa imenyesha. Majani ya nje yameachwa kwa mafungu. Ya juu yamesinyaa tu, lakini ukifunua, ya chini yameshakuwa ute wa kijani, yana joto mkononi, na udongo chini yake umelowa na unanuka. Majani hayo yana naitrojeni nyingi kuliko mabua, yanaoza ndani ya siku chache, na shamba halina mzizi hata mmoja wa kuipokea. Halafu mkulima anafungulia maji ya mfereji ili alainishe ardhi kwa zao linalofuata. Huwezi kuandaa mazingira bora zaidi ya kutengeneza gesi hii.

Majani ya kabichi kwanza yapunguze kwa ng'ombe, kwa kiasi, maana yakizidi yanamvimbisha tumbo. Yanayobaki yapeleke kwenye mboji ukiyachanganya na mabua yaliyokatwakatwa: debe moja la mabichi kwa madebe matatu ya makavu. Mabua yanashika naitrojeni ambayo majani yanaiachia, na lundo linapata hewa. Kama huna nguvu ya kubeba, yatandaze yasinyae juani badala ya kuyarundika, na uyafukie juujuu wakati miche ya zao linalofuata iko tayari kuhamishwa, si wiki nne kabla. Kisha punguza mbolea ya kwanza ya kukuzia, kwa sababu udongo tayari una chakula. Kabichi zilizougua uozo mweusi usizirudishe shambani kabisa.

Ngwara, zao la jamii ya kunde, na maharage yako katikati. Makapi makavu ya maharage baada ya kupura hayana shida. Lakini ngwara iliyofyekwa ikiwa bado mbichi na kulimiwa chini Machi, wakati masika inaanza, ni mbolea inayoachiliwa kabla ya mwenye kuihitaji kufika. Ifyeke, iache juu ya udongo ikauke pamoja na mabua, upande mahindi kati yake. Mchanganyiko wa mkavu na mbichi unaoza polepole, na naitrojeni inatoka mahindi yakiwa na mizizi.

Kabla hujafukia chochote au kuweka urea, pima unyevu kwa mkono. Fukua sentimita 15, chukua udongo, ukamue. Ukitoa maji kati ya vidole, subiri. Ukishikana bila kudondosha maji, na ukiugusa kwa kidole unavunjika, endelea. Ukinusa harufu ya yai viza, hewa imekwisha muda mrefu na shamba linahitaji mtaro kabla ya mbolea. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa ukanda wa tambarare jambo hili lina uzito zaidi, na trekta ikiingia wakati umelowa inaushindilia, hewa haipiti tena msimu mzima. Urea igawe mara mbili na uifukie kwa udongo. Kuimwaga yote siku moja juu ya masalia mabichi yaliyolowa ni kuwapa bakteria wale chakula na kinywaji kwa pamoja.

Kwenye mpunga wa skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi hali ni tofauti. Jaruba likikaa na maji muda wote, nyasi za mpunga zilizofukiwa hutoa zaidi methani, na naitrasi oksaidi kidogo. Huko kubwa ni kufukia nyasi mapema, jaruba likiwa kavu, ili zioze na hewa kabla ya kuingiza maji.

Nimalizie na biashara ya mabua, kwa sababu huku ndiko naitrojeni nyingi inakopita. Kila baada ya mavuno kenta zinapandisha mabua kutoka tambarare kwenda kulisha ng'ombe wa ndani kule mlimani, Kibosho, Machame na Marangu. Biashara ni halali na ng'ombe lazima ale. Ila shamba la chini linapoteza zile kilo 9 kwa ekari kila mwaka, na samadi yote inaishia kwenye migomba na kahawa ya kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, mara nyingi ikiwa lundo la wazi linalonyeshewa na kuvuja gesi na maji meusi. Mwenye ng'ombe aweke lundo chini ya paa, au alifunike kwa majani ya migomba, na alichanganye na mabaki ya mabua yaliyobaki horini. Mwenye shamba la tambarare auze nusu, nyingine aitandaze, na sehemu ya malipo aombe samadi iliyoiva, kwa kuwa gari linalopanda na mabua hurudi tupu. Makubaliano hayo yafanyeni mwezi wa nane mabua yakiwa na bei, mkiandika idadi ya magunia ya samadi na kwamba ifike shambani kabla ya Februari.