Hesabu mapengo ya spuli kabla ya kutia filamu

Wenye kamera za zamani za milimita 8, zinazopiga filamu ya upana wa milimita 16 kwa duru mbili, nusu ya upana kila duru: tundu la spuli (kigurudumu kinachoviringiwa filamu) lina mapengo 3 upande mmoja na 4 upande wa pili. Nimelijua hili juzi hapa Malindi. Yahesabu kila unapogeuza spuli kwa duru ya pili. Spuli ikigoma kukaa, umeishika kinyume. Usiilazimishe, utapiga picha juu ya picha kwenye nusu ileile. Geuzia ndani, dirisha limefungwa, si ufukweni juani. Duru ya pili ikiisha, filamu imerudi kwenye spuli yake. Spuli tupu inayobaki ni ya kamera, usiitupe kamwe! Spuli iliyopinda ukingo hata hesabu haiisaidii: itakaa sawasawa na mwanga utapenya.